Jeshi la Lali

Walikuwa kumi na wanne tu
siku ile ya kupiga picha, mchangani Shela:
vibarua wa mawe, mpishi mmoja wa skuli,
na Lali Kupi, mwenye punda wawili na mguu mmoja mzima.
Wakavishwa magunia, wakapewa mikuki ya plastiki
iliyopinda kwa jua kabla ya adhuhuri.
Nyuma yao kitambaa cha kijani, pima ishirini,
alichokishona Bunu, fundi wa mapazia,
akiuliza kila mshono: "Harusi ya nani hii, isiyo na ua hata moja?"
Punda akatafuna pindo.

Kisha wakaniletea mimi.

Kazi yangu haina vumbi.
Chumba cha juu, Langoni. Feni. Kompyuta
yenye joto la kikaango.
Dirisha linatazama matangi ya maji ya jirani.
Mwongozaji alisema: nataka elfu nne,
nataka upeo wa macho ujae watu.
Nikawabandua kwenye ule ukijani
kama mtu atoaye nazi kifuuni,
polepole, nyama isije na ganda,
nikawazidisha.
Mpishi akawa mia mbili na sitini:
huyu nikamfunga kilemba, huyu nikampa ndevu,
huyu nikamfupisha.
Vumbi nililitia kwa mkono, tabaka juu ya tabaka,
vumbi lisilopata kumkereketa mtu koo.
Bahari niliifuta. Mnara wa simu nikaufuta.
Pasipo kitu nikapandisha mji wa malango saba,
na moshi nikaufundisha njia ya upepo.

Siongopi, ulipendeza.
Usiku wa tatu umeme ukakatika
imebaki asilimia sita,
nikakaa gizani nikilihesabu jeshi langu kwa vidole.

Ila Lali.

Kila Lali alichechemea.
Mia tatu na kumi na wawili, kila mmoja
akiutupa mguu wa kushoto nje kidogo, kama aruka mfereji,
vile vile anavyoruka mifereji ya mji huu
tangu tumbawe limwangukie
akijenga nyumba ya watu wengine.

Simu ikaja: "Jeshi langu linachechemea. Linyooshe."

Nikalinyoosha.
Nikachukua goti la mpishi nikampachika Lali,
picha kwa picha, ishirini na nne kwa kila sekunde,
mpaka akatembea vizuri,
vizuri kama kanzu iliyotoka bila mwenyewe.
Mmoja nilimwacha.
Mbali kabisa, chini ya lango la saba,
mdogo kama chenga ya mchele,
ambako jicho la mwenye pesa halifiki.

Wakaionyesha kwenye ukuta wa skuli,
shuka mbili zimeungwa katikati.
Mji ulipowaka watu walipiga ukelele;
watoto waliinama wasipatwe na cheche
(moto wangu huo, wiki mbili,
na haukuunguza hata kijiti).
Bunu alikitafuta kitambaa chake mwanzo hadi mwisho.
"Pima ishirini! Kimekwenda wapi?"
Akaondoka amenuna.

Lali alikaa mbele, jamvini.
Vita hakuvitazama.
Alinyoosha kidole chenye kovu la kamba
kwenye pembe ya shuka, juu, karibu na msumari:
"Yule. Yule wa mwisho ndiye mimi.
Hawa wengine siwajui."

Tulipotoka alinishika mkono wa nguo.
"Mwanangu, mimi nalilipwa mtu mmoya, siku moya.
Na hawa mia tatu,
ujira wao u kwa nani?"

Nikacheka.
Yeye hakucheka.
Punda walikuwa wamefungwa kwenye nondo ya ukuta,
mmoja bado ana unga wa saruji masikioni.
Akawafungua. Akanisubiri kidogo, kwa adabu,
kisha akaruka mfereji.